Injinia na Mkuza wa Bomba

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, kofia ngumu, na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa zimekauka. Katika mji unaoheshimu vizibao, hiyo ni shahada ya pili.

Asubuhi hiyo alikuwa anapita zake mtaani alipowaona mafundi wa idara ya maji wakipigilia vigingi vyekundu kufuata bomba kuu lililozikwa chini ya viwanja vya watu. Kimoja walikipiga kwa Mwenye Bucha, kingine kwa bibi wa nyumba ya kona. Wakapiga na miayo, wakaondoka bila kumweleza mtu chochote, kama idara inavyopenda. Injinia akaziona nyuso zilizokuwa zikichungulia madirishani, akajua riziki yake imeshapimwa na kuwekewa alama.

Alianza kwa Mwenye Bucha, ambaye mwaka uliopita alijenga vyumba vitatu vya kupangisha juu ya bomba, akijua fika kwamba pale hapajengwi.

"Ardhi ni yako, mzee, hakuna anayebisha," Injinia alimwambia kwa sauti ya msiba. "Lakini ukanda huu, mita tatu kila upande wa bomba, ndio mkuza. Wewe unayo hati, sisi tunayo haki ya kupita, kuchimba na kubomoa."

Ubaya wa uongo huo ni kwamba karibu wote ulikuwa kweli. Mwenye Bucha akauliza kwa upole wa ghafla kama bomba haliwezi kusogea kidogo kwa jirani. Injinia akakunja uso kama mtu aliyeombwa figo, akapokea bahasha, akang'oa kigingi na kukipiga hatua sita mbele, kwa Mwenye Saluni. Bomba lenyewe, lililolala pale tangu hao wawili hawajazaliwa, halikuarifiwa.

Mwenye Saluni alipewa somo lile lile, naye akatoa bahasha nene zaidi. Hakutaka kigingi kirudi bucha, maana Mwenye Bucha angekirudisha. Alitaka kiende kwa bibi wa kona, mjane asiye na watu. Kule tayari kuna kimoja, alisema, cha pili hakitamuumiza.

Kitu ambacho Injinia hakukiuliza ni kwa nini mtaa mzima unamwita mjane huyo Bibi Jalada. Angeuliza, angeambiwa kwamba alifanya kazi miaka thelathini katika masijala ya ofisi ya ardhi, na kwamba hati zilizopita mikononi mwake ni nyingi kuliko vichwa vilivyosukwa saluni.

Injinia akakihamishia kigingi kwa bibi, akaanza somo lile lile. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akarudi na miwani na hati yake.

"Kwa hiyo wewe ndiye idara," alisema.

"Ndiye mimi, bibi."

"Karibu sana, mwanangu. Nimewaandikia barua kumi na moja."

Akamwongoza nyuma ya nyumba. Bomba lilikuwa linavuja tangu miezi mitano iliyopita, na maji yalikuwa yamekula msingi wa jiko. Ukuta umepasuka kutoka juu hadi chini. Wiki mbili zaidi na jiko lingelala chali. Bibi akafungua hati na kuweka kidole. Idara itaingia na kuchimba wakati wowote, alisoma, na itatengeneza bomba lake, na itaiacha ardhi na majengo kama ilivyovikuta, kwa gharama yake yenyewe.

"Watu husoma mstari wa kwanza tu," alisema kwa masikitiko.

Injinia akaahidi kuleta mafundi kesho. Lakini Bibi alikwisha kuwaita majirani wawili kwenye ua, maana kiofisi mashahidi huwa wawili. Wakaja wakitabasamu, kila mmoja akidhani amekuja kutazama bahasha yake ikifanya kazi. Mwenye Bucha alikuja na kisu chake cha kuchunia.

"Nakuuliza mbele ya mashahidi, baba," Bibi alisema. "Wewe ni mtu wa idara, au siye?"

Injinia akakitazama kisu. Akisema siye, itambidi akieleze kisu hicho habari za bahasha mbili.

"Ni mtu wa idara," alisema.

"Basi jembe lile pale."

Akachimba. Mwenye Bucha alileta kigoda ili aone vizuri, na Mwenye Saluni akamsifu kwa kujituma, sifa ambayo Injinia hakuwahi kuipata maishani. Bomba lilipoonekana, fundi bomba aliitwa, gharama ya idara. Saruji na mawe, gharama ya idara. Fundi mwashi wa kuziba ufa, gharama ya idara, pamoja na chai yake. Kila Injinia alipofungua mdomo, kidole cha Bibi kilirudi kwenye hati, na bahasha ikakonda. Ya bucha iliisha kwenye saruji. Ya saluni iliisha kwa mwashi.

Jioni jiko lilikuwa limesimama wima, na Injinia amesimama upande, matope hadi magotini, viganja vimejaa malengelenge. Bibi akamletea karatasi ya kuthibitisha kazi imekamilika, akamwonyesha pa kutia saini, nakala mbili.

"Mkuza ni wenu, mwanangu," alimwambia akikunja nakala yake. "Njoo wakati wowote."

Injinia akaaga kwa heshima zote, akatoka akiambaa na ukuta, kwa uangalifu mkubwa, asije akakanyaga haki yake ya kupita.