Gari Linalojiendesha

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Mbozi, Momba na Tunduma kwamba ajali zimesitishwa. Mamlaka yetu ya Mwendo Salama, ambayo mimi ni katibu wake, imepewa na wafadhili gari lenye kitufe. Ukikibonyeza, gari linashika mwendo lenyewe na dereva anatoa mguu kwenye mafuta. Mkurugenzi wetu, Ndugu Danford, alitoa tafsiri papo hapo: gari linajiendesha, kwa hiyo dereva Luhaga aachishwe kazi.

Luhaga, mtoto wa wafugaji wa Momba, akaja ofisini na kofia mkononi.

"Bosi, linashika mwendo tu. Macho halina. Ng'ombe wakikatiza barabara je?"

"Wataandaliwa semina," alijibu Mkurugenzi.

Nilimwonea huruma Luhaga, ana watoto wanaosoma. Lakini huruma haina kasma kwenye bajeti.

Ijumaa tukafanya uzinduzi. Mkurugenzi alishika usukani, mimi pembeni, Luhaga nyuma akisindikizwa kustaafu. Tulipopita Ihanda, Mkurugenzi akabonyeza kitufe, akawapungia wananchi kwa mikono yote miwili, kisha akafungua gazeti. Sijawahi kuona uongozi umetulia namna ile.

Karibu na Tunduma maji yakazidi unga. Foleni ya malori ya kuvuka Zambia ilikuwa mbele yetu.

"Bosi, malori!"

"Linayaona," alisema, akafungua ukurasa wa michezo.

Luhaga akajirusha kati ya viti, akavuta breki ya mkono na kuukata usukani. Tukatua salama ndani ya nyanya za mama mmoja anayeitwa Enesi.

Trafiki akafika. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna," alisema Mkurugenzi. "Linajiendesha."

"Awe, hapana, afande!" Enesi akapiga kelele. "Si huyu hapa kaukumbatia usukani?"

"Mimi nilikaa tu mbele," alisema Mkurugenzi. "Siendeshi chochote."

Ili kumlinda, niliyaandika maneno hayo yalivyo kwenye taarifa ya wizara. Bahati mbaya wizara ilikuwa inapunguza watu, na Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuiapia kwamba Mamlaka yetu haitegemei ruzuku tena, sasa inajiendesha. Jibu lilikuja haraka: ofisi inayojiendesha haihitaji mtu wa kukaa tu mbele.

Luhaga yupo kazini. Ndugu Danford anapalilia kahawa kwao Hasamba. Tangu masika hatuna mkurugenzi, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyekuja kumuulizia.