Mzimu wa Stoo Asionekane

Jumatatu, 3 Machi
Chama cha filamu cha shule kimechagua hadithi yangu! Nilisimama mbele ya tangazo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Itaonyeshwa Jumamosi, wazazi wakija.

Hadithi ni hii: msichana anasikia mtu akipumua ndani ya stoo iliyofungwa. Anayepumua haonekani kabisa. Hofu yote iko hapo. Ukimwonyesha tu, imekwisha.

Jioni tulikutana maabara. Mwongozaji wetu ni Dada Kamera wa darasa la juu, ambaye kamera haimtoki shingoni hata akienda chooni. Akatangaza kwamba mlango utafunguka na mzimu atatoka, kajifunika shuka, uso umepakwa unga. Unga! Kisha akanigeukia: mwenye hadithi unaonaje?

Nikasema sawa tu, dada.

Ningefanyaje? Nimelelewa. Mkubwa habishiwi mbele ya watu. Mzimu nitamwondoa kimyakimya.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu ya kwanza. Nilijitolea kulifua shuka la mzimu. Nikaliloweka kwenye maji ya moto pamoja na sweta langu jekundu. Mama alirudi kutoka zamu ya hospitali, akasimama mlangoni na viatu mkononi, akauliza tangu lini nimependa kufua, au nina homa. Akanigusa paji la uso. Sina homa.

Shuka limetoka pinki kama ufizi. Mgongo unauma, ila moyo umetulia. Mzimu gani atavaa pinki?

Jumatano, 5 Machi
Dada Kamera alilikunjua shuka. Halafu akalikumbatia. Akasema kila mtu ana mzimu mweupe, wa kwetu atakuwa tofauti, na hebu wote wanipigie makofi. Wakapiga. Nikainama kushukuru.

Sweta langu nalo limesinyaa. Mikono inaishia kwenye viwiko.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu ya pili. Mzimu anaigizwa na rafiki yangu Twiga, tunayekaa naye dawati moja, ambaye akisimama mbele ya mtu, mtu huyo huona giza. Kipindi cha hesabu nilimnong'oneza kwamba mzimu hana hata neno moja la kusema. Tena kwa unga ule, mama yake mzazi hatamtambua. Twiga akawaka. Kumbe anatolewa jasho bure? Mapumziko yalipofika akaenda kujiuzulu, mabega juu.

Ushindi! Ulidumu mpaka tulipomaliza chai. Dada Kamera akaamua mwenye hadithi ndiye avae shuka, kwani nani anamjua huyu mzimu kuliko yeye?

Sawa tu, dada.

Ijumaa, 7 Machi
Tumerekodi. Sitaki hata kukumbuka, lakini shajara ni shajara.

Nilitakiwa kutoka stoo polepole, nikipumua kwa kutisha. Nilitoka nikipiga chafya. Nikarudishwa. Nikatoka tena na chafya zangu. Safari iliyofuata nilikanyaga shuka, nikavamia miguu ya kamera, tukaanguka wote. Kamera ililala kifudifudi ikaendelea kurekodi, giza tupu, na mimi pembeni yake nahema kama mbuzi aliyekimbizwa.

Twiga alikuja kutazama tu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema pole, mzimu, usijali, mama hatakutambua.

Nilistahili.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Nilikaa nyuma na Mama, nimejikunyata, nikiomba umeme ukatike. Haukukatika. Mlango wa stoo ukaanza kufunguka taratibu, nikafumba macho.

Hakuna aliyecheka. Nikafumbua. Giza! Hakuna shuka, hakuna unga. Pumzi tu. Zangu! Mzee aliyekuwa mbele yetu akaacha kutafuna. Mama, ambaye hushinda na majeraha ya watu, alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Taa zilipowaka makofi yakalipuka.

Nilimfuata Dada Kamera kumuuliza kwa nini amemkata mzimu. Akanishangaa. Akasema hakuwahi kumtaka! Alimweka kwa ajili yangu, maana aliogopa mwandishi ataumia asipomwona mzimu wake. Alikuwa akingoja nipinge, na mimi kutwa sawa tu, sawa tu. Kwani ungesema, mdogo wangu, ningekung'ata?

Nilirudi nyumbani nimechoka hadi kope.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari tangu asubuhi. Wiki nzima ya chafya na kufua, na neno moja lingetosha. Kuanzia leo nitasema ninachotaka, kwa adabu lakini waziwazi.

Alasiri Dada Kamera alipita nyumbani. Chama kitatengeneza filamu nyingine ya kutisha, lakini yeye ana mitihani, kwa hiyo anatafuta mwongozaji. Akanitazama. Akaendelea kunitazama. Akauliza kama namjua yeyote anayeitaka kazi hiyo.

Naitaka kuliko kitu chochote duniani.

Nikasema wapo wengi wanaofaa, dada. Akashusha pumzi, akaaga.

Lakini sijakata tamaa. Mjomba ana kamera mbovu kabatini. Kesho nitaivaa shingoni na kupita mbele ya darasa lao, kama mtu anayeelekea mahali pengine kabisa. Ataelewa tu.