Alto wa Wimbo wa Nne

Jumatatu, 9 Juni

Upepo. Baridi. Vumbi hadi ndani ya kabati la mafaili. Lakini leo ni siku kubwa! Redio moja ya hapa mjini inatafuta mchambuzi wa albamu mpya, kila Jumamosi saa nne asubuhi, na imeliomba kundi letu la wasap, Masikio ya Makao Makuu, lipendekeze mtu mmoja. Tuko watu mia mbili na kumi na nne. Kwa haki kabisa mtu huyo ni mimi, Alfonce. Miaka kumi na tisa masijala, na miaka yote hiyo hedifoni masikioni. Hakuna albamu iliyotoka nchi hii ambayo sijaitolea maoni.

Tatizo ni Noeli. Noeli ni dereva wa ofisi yetu. Anawasubiri wakubwa nje ya vikao kwa muda wa saa tano, hata sita, ndani ya gari lenye spika nne. Ndiyo maana anapata muda wa kusikiliza albamu nzima, mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo anaandika. Huo si uchambuzi. Huo ni kukosa kazi.

Jioni mke wangu Asnath alikuwa jikoni akifanya mazoezi ya kwaya. Kwaya yao, ya Mtaa wa Chini hapa Kikuyu, Dodoma, inazindua albamu yake ya kwanza tarehe 22. Akaniuliza ubeti wa pili nauonaje. Nikamwambia uko vizuri sana. Nilikuwa nimevaa hedifoni, lakini mdomo wake niliuona.

Jumatano, 11 Juni

Mpango. Keshokutwa inatoka albamu ya Kwaya ya Stesheni kutoka Gulwe, Behewa la Mwisho. Kundi zima linaisubiri kama mshahara. Atakayetangulia kuichambua, redio ni yake.

Leo nimeliona bango lao limebandikwa ukutani pale Majengo. Jina la kwaya, jina la albamu, picha ya reli. Inatosha. Nimeandika aya tatu kazini, juu ya faili la likizo za watumishi. "Albamu iliyokomaa." "Vinanda vinazungumza." Bado kuisikia tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mwajabu, sokoni. Mwajabu ana kibanda cha kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na wanamuziki wa mkoa mzima humletea kazi zao siku moja kabla ya kutoka. Nikamkuta nani pale? Noeli! Anachagua waya wa chaji. Yaani mji wote huu!

Sikuwa mjinga nikataja Gulwe mbele yake. Nilimsogelea Mwajabu, nikamnong'oneza aniwekee ile kwaya, asitaje jina, anajua mwenyewe. Mwajabu akacheka, akasema anajua, na kwamba mimi ni wa tisa wiki hii. Wa tisa! Washindani ni wengi kuliko nilivyodhani. Akaongeza kwamba Mungu atanibariki kwa kumjali mke wangu namna hii. Sikuelewa mke wangu anaingiaje hapo. Wauzaji hawakosi maneno ya kumfurahisha mteja.

Noeli alinipungia mkono. Kwa dharau, nadhani.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi! Nimeisikiliza albamu ndani ya basi la watumishi, sekunde kumi kumi kila wimbo. Kwa sikio langu hizo ni nyingi.

Kazi ya ajabu. Nyimbo nane. Katikati ya wimbo wa pili jogoo anawika. Katika wimbo wa tatu mwanamume anafoka kwamba besi waamke, halafu wote wanaanza upya. Mtu anakohoa. Mlango unalia. Vyote nimevisifu. "Uthubutu." "Sauti ya maisha yenyewe."

Lakini mchambuzi anayesifu tu ni mpiga debe. Lazima kitu kikosolewe. Nikachagua wimbo wa nne, ambao mwanamke wa alto anaimba peke yake. Niliandika kwamba sauti ile inaburuta wimbo mzima kama kandambili iliyokatika mkanda, na kwamba mwalimu makini angemrudisha mama huyo mstari wa tatu, karibu na dirisha. Kwa ushahidi nikaambatanisha kipande cha sekunde thelathini. Nikatuma saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Noeli hata gari alikuwa hajaosha.

Vidole gumba sitini na kimoja! Nimeshanunua daftari la kwendea nalo redioni.

Jumamosi, 14 Juni

Noeli ameandika. Kwa upole, ndivyo alivyo, na ndicho kinachoniudhi. Amesema uchambuzi wangu umemgusa, ila ana swali dogo. Huyo alto ni yupi? Maana Kwaya ya Stesheni ni wanaume watupu, na Behewa la Mwisho lina nyimbo tano.

Nilimjibu kwamba sikio lenye uzoefu husikia mengi. Nikazima data.

Saa saba nikaiwasha. Ujumbe mia moja na arobaini. Mmoja ulitoka kwa Hilda, anayeimba kwaya moja na Asnath. Alieleza kwamba ile si albamu ya Gulwe. Ni rekodi ya mazoezi ya kwaya yao. Mwalimu aliiacha kwa Mwajabu ili kila mwanakwaya, au mtu wa nyumbani kwake, achukue nakala ya kujifunzia sauti. Waume wanane walishachukua. Jogoo ni wa jirani wa kanisa.

Sikutishika. Kwaya ile ina alto wanne.

Nikakisikiliza kile kipande tena, sekunde zote thelathini. Jamani. Ni mama Penina, mama wa binti yetu. Ni Asnath wangu.

Jumapili, 15 Juni

Asnath amerudi kutoka mazoezini. Kile kipande kilichezwa mbele ya kwaya nzima, kwenye spika. Maneno yangu yakasomwa kwa sauti, hadi kandambili. Na Mwalimu Thobias akamrudisha nyuma. Mstari wa tatu. Karibu na dirisha. Wimbo wa nne amepewa Hilda.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alinipakulia ugali wa uwele na mlenda, akanikaribisha kama mgeni aliyeshuka kwenye treni, akaniita Mheshimiwa Mchambuzi. Akaniuliza kama mlenda una kasoro, nisisite kumwandikia. Nikasema hauna. Haukuwa na chumvi hata chembe. Niliumaliza.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nimejisikia vibaya sana. Sijui ni kwa ajili yake au kwa ajili ya redio. Zaidi ni yeye.

Jumanne, 17 Juni

Mpango mpya, safi kabisa. Nimesajili laini ya pili, nikaingia kundini kwa jina la Profesa Joel, mtaalamu wa sauti, yuko Dodoma kwa siku chache. Profesa ameandika kwamba amekisikiliza kile kipande na kwamba alto yule ni hazina ya kanda ya kati. Akasema pia kwamba Bwana Alfonce ni mchambuzi mahiri, ila siku ile huenda alikuwa na mafua. Heshima kwa pande zote.

Dakika nne tu. Noeli akaandika: karibu tena kundini, Alfonce.

Profesa akauliza, kwa hasira za kisomi, maana yake nini. Noeli akajibu kwamba picha ya Profesa ina kabati la masijala nyuma, na kikombe mezani. Kichwa changu nilikuwa nimekikata kwenye picha. Kikombe nilikisahau. Kimeandikwa ALFONCE.

Wamecheka siku nzima. Lakini sikiliza hii! Admini ametangaza kwamba kwa kuwa watu hawazungumzii tena wengine ila Noeli na mimi, tumalize hivi: Jumapili sote wawili tuhudhurie uzinduzi wa Kwaya ya Mtaa wa Chini, na atakayekuwa wa kwanza kutuma uchambuzi wa maana, jina lake ndilo litakalopelekwa redioni.

Bado nimo. Kumbe aibu nayo ina faida zake.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu Thobias. Alikuwa anapiga pasi majoho ya kwaya, pasi ya mkaa. Nikamwamkia shikamoo, nikakiri kila kitu. Nikamwomba amrudishie Asnath wimbo wake, asiyachukulie maoni yangu kwa uzito, kwani hata mimi nina siku mbaya.

Akasema maoni yangu hakuyachukulia kwa uzito wowote. Alimrudisha Asnath nyuma kwa sababu alikuwa analia, asingeweza kuimba.

Kisha akaniuliza kama najua ubeti wa pili wa wimbo ule ni wa nani. Nikasema najua. Akanitazama, akaweka pasi chini. Akasema ni wa kumkumbuka mama yake Asnath, yule wa Mpwapwa, na kwamba Asnath ameutunga mwenyewe, neno kwa neno.

Mama mkwe alifariki mwezi wa pili. Nilikuwa msibani. Nilibeba viti. Na tangu hapo mke wangu anamwimba mama yake jikoni, mimi niko hatua tatu na hedifoni zangu. Niliona aibu ya kweli, si ile ya kundini.

Mwalimu amesema wimbo ni wa Asnath akiutaka. Atamwuliza mwenyewe.

Jumapili nitasikiliza. Ubeti wote, mwanzo hadi mwisho. Naapa hapa kwa maandishi.

Jumapili, 22 Juni

Uzinduzi. Asnath alitoka mapema na mfuko wake. Sikuona amevaa nini, nilikuwa natafuta chaja.

Kanisa lilijaa. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, tukamshukuru kwa kufika. Mimi benchi la nne. Noeli benchi la pili, mikono magotini, simu mfukoni. Mfukoni! Albamu ikaletwa mbele kwenye sinia, imefungwa karatasi za zawadi, kwaya ikiisindikiza kwa kucheza. Mgeni rasmi akaifungua, akaiinua juu. Vigelegele.

Wimbo wa nne ulipotajwa, nilikaa sawa. Nilikuwa tayari kabisa kusikiliza, Mungu ni shahidi. Kinanda kikaanza. Hapo hapo nikamwona Noeli anaingiza mkono mfukoni.

Ningefanya nini? Nikainamisha kichwa, nikaandika vidole vikiwaka moto. Kwamba nakiri kosa langu. Kwamba leo alto ya mama Penina imetulia. Kwamba ubeti wa pili, aliomtungia marehemu mama yake na kutuimbia kwa uchungu mkubwa, umenitoa machozi. Nikatuma saa tisa na dakika saba. Wa kwanza! Nikanyanyua kichwa kumtazama Noeli. Mkononi alikuwa na leso. Alikuwa anajifuta macho.

Simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Asnath. Maneno mawili: Geuka nyuma.

Nikageuka. Alikuwa amekaa benchi la tano, nyuma yangu kabisa, na gauni lake la kwendea sokoni. Kule mbele aliyekuwa akiimba ni Hilda.

Mwalimu alinieleza baadaye, tukiwa nje. Alimrudishia Asnath wimbo, Asnath akaukataa. Alisema kuimba ataimba mwaka mzima. Leo alitaka kukaa na watu, amwone mume wake akisikiliza.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Yeye mbele.

Jumatatu, 23 Juni

Redio amepata Noeli. Uchambuzi wake aliutuma jana jioni, aya moja tu. Kwamba Hilda ameimba vizuri, ila wimbo ule una mwenyewe, na siku mwenyewe akiuimba angependa kuwepo. Vidole gumba mia moja tisini na viwili. Kimoja ni cha mke wangu. Amejiunga na kundi.

Nimetafakari kwa kina nilipokosea. Ni sehemu mbili. Kwanza benchi. Siku nyingine nitakaa la mwisho kabisa, nyuma yangu ubaki ukuta. Pili, kikombe. Lakini hilo lilishapita.

Jioni hii Asnath amenisamehe, au amechoka, sijui. Ameniita jikoni kwa sauti ya kawaida. Amesema kama kweli nataka kuusikia ule ubeti, ataniimbia mimi peke yangu, mara moja. Nusura nilie! Nimevuta kigoda, nimekaa karibu na jiko, na daftari hili magotini ili nisisahau hata neno. Ameanza. Ni sauti nzuri mno. Sijui wiki ile nilisikia nini.

Simu imetetemeka sasa hivi. Kuna bendi ya Kondoa imetoa albamu dakika hii, bila taarifa, na Noeli yuko safarini na wakubwa, hana mtandao mpaka kesho. Nafasi kama hii! Yule Alfonce wa zamani angesimama akatoka nje.

Mimi sikutoka. Nimevaa hedifoni upande mmoja tu. Sikio la kushoto, lote, nimemwachia mke wangu.