Kituo cha Kuchajia Magari Barazani Kwangu

Mkomani, Amu (Lamu)

Kwa Bwana Mpangaji wa Vituo vya Kuchajia Magari ya Umeme,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima huko Nairobi na foleni hazijakuchosha. Mimi ni Rawiya, mke wa Idarus fundi wa milango. Naandika kwa adabu kuhusu nguzo ya kuchajia magari mliyoisimamisha mbele ya baraza yetu, katika kichochoro ambacho punda wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

1. Injinia wako alipokuja na ramani nilimwuliza, "Mwanangu, magari yenyewe yatapita wapi?" Akanijibu kwa heshima, "Bi, barabara ni idara nyingine. Sisi tunaangalia mji utakavyokua." Nikampa juisi ya ukwaju. Mji unakua kweli, lakini kwenda juu: jirani yangu Bi Fahima kaongeza ghorofa.

2. Halijaja gari hata moja. Wamekuja punda wa kubeba mchanga. Wa mbele alijikuna kwenye nguzo akanogewa, wa nyuma wakasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mtaa wetu ukapata msongamano wa magari usio na magari.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mume wangu amejiteua meneja. Milango ya watu imelala ukumbini haijachongwa nakshi, naye kila alasiri huvaa kanzu ya Idi akakaa kando ya nguzo kungoja wateja. Juzi Bi Fahima alipita na mkokoteni wa saruji, Idarus akamzuia: "Samahani, hapa ni kwa vyombo vya umeme tu." Sasa Fahima hasemi nasi.

Kwa hiyo naomba mniletee gari. Moja tu, hata bovu, mradi lina tundu la waya. Livusheni kwa boti kutoka Mokowe, mlishushe kwa kamba kupitia darini. Lisipoenea, panueni kichochoro. Mnaweza kuanza na ile ghorofa ya Bi Fahima. Yote yakishindikana, ing'oeni nguzo mnirudishie mume wangu.

Nisalimie wote ofisini, mama watoto, na majirani zako, hata msiosemezana nao.

Wako anayengoja gari,
Bi Rawiya, mke wa Meneja

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha niliposikia kelele nje. Kumbe ni ndugu yangu mkubwa, Famau wa Shela, ambaye tangu miguu ilipomlegea alikuwa hajafika kwangu. Mimi ndiye niendaye kwake. Binti yake Umulkheir amemnunulia kiti cha magurudumu cha umeme, lakini chaji aliyokuja nayo haimtoshi kurudi. Idarus kamchomekea kwenye tundu dogo la pembeni ya nguzo, tukala wali wa nazi pale pale barazani mpaka kiti kikajaa chaji. "Rawiya," akasema, "kumbe ndia ya kwako naijua bado." Nikaingia ndani nikijifanya nafuata chumvi.

Basi msing'oe kitu, Bwana. Ila tuongezeeni nguzo nyingine karibu na msikiti, maana Ijumaa Famau anataka kwenda kuswali mwenyewe.