Mume wa Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya tangu asubuhi. Mvua, soksi moja, na Mhadhiri wetu wa sosholojia ametangaza nafasi ya kazi. Moja! Darasa zima tunamaliza mwaka huu, nafasi ni moja. Shirika linalohudumia wazee linataka msaidizi wa utafiti. Atakayefanya uchunguzi bora kuhusu upweke wa wazee ataipata. Sharti: ni marufuku kumhoji ndugu yako. Mhadhiri amesema damu haihoji damu.

Nisipoipata, najua ninakokwenda. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi, na ameshamwambia Mama kwamba msomi wake ataanzia kwenye misumari. Mama hakubisha. Mama anashona sare za shule, na kila mteja anamuuliza mwanawe akimaliza chuo atakuwa nani. Juzi nilimsikia akimjibu mmoja kwamba kazi yenyewe bado inatafutiwa jina. Imeniuma.

Mpinzani wangu ni mmoja tu: Tanbihi. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kukwambia mvua inanyesha bila kutaja chanzo. Leo alikaa mbele, akachonga penseli, akatabasamu. Simpendi.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoka kutafuta wazee wapweke. Kazi ipo! Mzee wa kwanza alidhani nimetumwa na idara ya maji. Alinionyesha bomba lake, nikalitazama, nikaondoka na malalamiko. Wa pili ni mwalimu mstaafu. Alinisahihishia dodoso zima kwa kalamu nyekundu, hakujibu swali hata moja. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima anayeuza vitambaa, alinikaribisha vizuri, kisha akaanza kuuliza yeye. Mtoto wa nani? Umeoa? Una kazi? Marafiki je? Nilijibu yote kwa uaminifu. Nilipofika barabarani ndipo nikagundua kwamba mpweke pekee niliyempata leo ni mimi.

Nyumbani Bibi aliniita kutoka chumbani kwake: mume wangu, umerudi? Ananiita mume wake tangu natambaa, utani wa bibi na mjukuu. Nikamwambia sina nafasi, naandika kuhusu upweke. Akauliza, kumbe siku hizi nao unasomewa? Nikafunga mlango. Wasiosoma wanachosha.

Alhamisi, 7 Machi

Akili imefunguka! Tanbihi naye hana mzee. Ni mgeni mji huu, amepanga chumba, hana hata shangazi wa kumpelekea salamu. Nimemwambia kuna bibi mmoja namfahamu, nikamwelekeza nyumba. Sikusema ni wangu. Alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo sana.

Sasa tazama ujanja. Bibi yangu si mpweke hata chembe! Anacheka mchana kutwa, anabishana na redio, anaigombeza taarifa ya habari. Tanbihi atamuuliza habari za upweke, ataambulia vicheko. Utafiti wake utakwenda na maji, na nafasi itabaki kwangu. Mjini akili, jamani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejificha maktaba kutwa nzima ili Tanbihi asinikute nyumbani. Njaa. Baridi. Kiti kina msumari, na sasa hata misumari naiona kama ishara mbaya.

Nimerudi jioni nikitegemea habari njema. Nimekuta kitanda cha Bibi kimesogezwa dirishani! Alikuwa ananiomba nikisogeze tangu mvua za mwaka jana, na mimi nilikuwa nimelipanga jambo hilo. Tanbihi amekisogeza bila kuombwa, kisha akakaa mpaka jua likazama. Kiherehere! Nilimuuliza Bibi walizungumza nini muda wote huo. Akasema ni habari za mume wake tu. Nikashusha pumzi. Habari zangu ni nzuri.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika ripoti. Wahojiwa ninao, majibu sina. Imenibidi nikaze. Mzee wa bomba nimeandika alitokwa na machozi. Ni kweli yalimtoka, alikuwa akipiga miayo. Mwalimu mstaafu nimeandika ana hasira na jamii. Mama wa vitambaa nimempa majibu yangu mwenyewe, maana yalikuwa ya huzuni ya kutosha.

Mama amelipiga pasi shati langu la Jumatano, siku ya kuwasilisha ripoti darasani, akalitundika, akarudi akalipiga tena. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwisha!

Tanbihi alianza. Kichwa cha uchunguzi wake: Mke Aliyesahaulika. Alisema amemhoji ajuza aliyeolewa na kijana wa chuo. Darasa zima likaguna. Kijana hana kazi, anakula alichopikiwa na mke, kisha anatokomea chumbani kwake. Mke akimwita, mume anaongeza sauti ya muziki. Mhadhiri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi pia nilitikisa. Nilinyoosha mkono, nikauliza kwa uchungu kwa nini mwanamume katili kama yule hajafikishwa ustawi wa jamii. Walinipigia makofi. Ilikuwa dakika yangu bora chuoni.

Tanbihi akaendelea. Akasema mke huyo hubishana na redio ili nyumba isikae kimya. Nikaacha kutikisa kichwa. Akasema ameomba kitanda kisogezwe tangu mvua za mwaka jana. Nikatazama sakafu.

Mhadhiri alikuwa ameanza kufuta machozi. Nafasi ilikuwa inaondoka hivi hivi mbele ya macho yangu, na kwa kosa la kijinga! Nikasimama.

"Huyo mume ni mimi!"

Ningeanza na maelezo, najua. Binti aliyekaa jirani yangu alisogeza kiti. Nikajieleza mbiombio: ni bibi yangu mzaa mama, ni utani, kila bibi ana mume wa aina hii. Darasa likaangua kicheko. Nikamnyooshea kidole Tanbihi, nikasema msomi gani huyu hajui utani wa bibi na mjukuu? Tanbihi alijibu taratibu kwamba bibi zake wote walikufa kabla hajazaliwa. Hajawahi kuitwa mume na mtu. Kicheko kikakatika. Kidole changu kikabaki hewani, sikujua nikipeleke wapi.

Mhadhiri akanigeukia. "Ndoa ni utani, sawa. Na haya mengine?"

"Hayo si sehemu ya mada," nikasema.

Nafasi amepewa Tanbihi, kwa sharti la kusahihisha neno "mume." Ripoti yangu Mhadhiri aliisoma ukurasa mmoja, akataka kujua kama mzee wa bomba alilia kabla maji hayajakatika au baadaye.

Nyumbani nilimwambia Mama. Cherehani ilinyamaza, kisha ikaendelea. Baada ya pindo zima akasema nimpigie Mjomba mwenyewe.

Ijumaa, 15 Machi

Jumatatu naanza dukani, baada ya vipindi. Mjomba ameuliza kama chuoni walitufundisha kupanga vitu kwa ukubwa.

Leo Tanbihi amekuja kumwona Bibi. Uchunguzi umekwisha, nafasi ameipata, sasa amefuata nini? Wamecheka mchana kutwa. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilikuwa naandika rufaa, sikuweza kumaliza hata sentensi. Kweli kuna watu hawana haya.

Alipoondoka, Bibi alikuja mlangoni kwangu. Haji chumbani kwangu siku hizi, magoti hayamruhusu. Alikuja akipapasa ukuta, akasimama, akavuta pumzi.

"Mume wangu," akasema, "nimekupa talaka."

Nikataka kumsahihisha kwamba mke haandiki talaka, anaidai. Nikaacha, nikasubiri acheke. Utani wake wote huishia kwenye kicheko. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga, kisha akageuka, akarudi polepole, mkono ukutani.

Nimekaa kitandani nimeduwaa. Nimepangusa pua mara mbili, nadhani ni mafua. Nimekaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Halafu ghafla, mwanga! Talaka uzeeni! Mada mpya kabisa, darasani hakuna aliyeigusa. Kwa nini mtu avunje ndoa wakati umri umeshakwenda? Amekosa nini ndani ya nyumba? Mhadhiri hatakuwa na budi kunisikiliza, na misumari itapata mtu mwingine. Nimeshaandika maswali ya kwanza, na yanachoma moyo.

Kesho natoka alfajiri. Nitakwenda mtaa wa mbali, kutafuta bibi yeyote aliyeachana na mumewe, nikae naye kutwa, anisimulie.