Finjani Niliyoiweka Chini

Jumapili, 6 Novemba 2022

Adham wa dukani kwetu kaacha kazi! Kaja asubuhi na kanzu mpya, kaaga kila mtu, kasema anakwenda mlimani kufuga nyuki. Nyuki! Mtu aliyekuwa akimkimbia nzi wa chai. Kabla yake aliondoka Lamya, siku hizi anaoka keki Muscat. Na kabla ya Lamya, binamu yangu Firas aliacha benki Nizwa, akafungua nyumba ya wageni kijijini Misfat al Abriyeen. Tangu hapo hatupumui kwa picha. Firas na komamanga. Firas na ukungu. Firas anatazama mbali. Chini huandika kwamba hatimaye kapata kazi yenye maana.

Na mimi? Mimi Ishak, mwenye shahada yangu, nimekaa Ibra katika duka la pampu za maji, napokea simu za wakulima. Pampu inapiga kelele. Pampu haipigi kelele, mbona haipigi? Mzee Musa wa Samad Ash Shan leo kapiga asubuhi, kapiga adhuhuri, kapiga tena alasiri. Hiyo ya alasiri pampu ilikuwa nzima kabisa. Alitaka kunieleza habari za mbuzi wake mwenye mimba. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Ukimkatiza huuliza kama adabu nazo zimepanda bei.

Kila mtu anaondoka kutafuta maana, nimebaki mimi na mbuzi. Basi. Naacha kazi.

Jumatatu, 7 Novemba

Siachi kazi. Nilimsahau baba yake Hajar.

Hajar ni mchumba wangu, mwalimu wa hesabu kule Sur. Jina lake likitokea kwenye simu moyo unanienda mbio kama mtoto wa skuli. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Baba yake, Mzee Maen, aliipokea posa kwa sharti moja: binti yake haolewi na mtu ambaye kazi yake ni kutafuta kazi. Jumamosi anakuja na ndugu zake kupanga siku ya ndoa.

Nikamweleza Bibi Kuruthum, aliyenilea na ninayeishi naye, kwamba watu sasa wanataka kazi yenye maana. Akauliza hiyo maana inaliwa na wali au na mkate. Akasema mchagua jembe si mkulima, akanituma bizari.

Huko kwenye bizari ndiko akili iliponijia. Siachi kazi. Naomba kuacha! Hayo ni mambo mawili tofauti. Bwana Marhoun, mwenye duka, kesha kupoteza watu. Hatathubutu kunipoteza mimi. Atanisihi. Nitakataa kidogo. Atanisihi tena. Mwisho nitakubali kubaki, lakini niwe meneja, na niwe na chumba chenye dirisha. Akili hizi sijui nazipata wapi.

Jumanne, 8 Novemba

Mpango tayari. Dukani hapafai, hapana watu wazima. Nitakwenda kesho baada ya Magharibi kwenye sabla yake, chumba anachopokelea wageni, wazee wa mtaa wakiwa wamejaa. Kahawa ikija sinywi. Huku kwetu mgeni mwenye haja kubwa huiweka finjani chini, na mwenye nyumba hapati raha mpaka ile haja imalizike. Ataniuliza haja yangu. Nitasema ni kuacha kazi. Atakataa mbele ya wote, na mtu akikukatalia haja mbele ya watu hana budi kukupoza kwa kitu kikubwa zaidi. Hapo ndipo dirisha langu litakapoingia.

Hotuba nimeikariri chooni, garini na kwenye foleni ya mkate. Inaanza na marehemu babu. Bibi kasikia nyuma ya mlango, kauliza nani kafa.

Jumatano, 9 Novemba

Nimejipalia makaa.

Kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Wazee walikuwepo, halua ilikuwepo. Kahawa ikaja, nikaiweka chini polepole, kila mtu aone. Kila mtu akaona. Bwana Marhoun akanitazama kwa huruma, akaweka mkono kifuani, akasema, "Kunywa, ya waladi, mwanangu. Umepewa."

Umepewa! Kabla hajajua ni nini! Wazee wakamshangilia, wakasema hawa ndio wanaume waliobaki. Wakanigeukia mimi. Wakauliza ni kipi nilichopewa.

Mtu mwenye ubongo angesema umeneja. Angesema dirisha. Angesema duka zima. Lakini mimi hotuba nilikuwa nimeikariri mno, ikatoka yenyewe, na marehemu babu ndani yake, mpaka kwenye mstari wa mwisho: naomba ruhusa ya kuacha kazi.

Bwana Marhoun machozi yakamlenga. Akasema ingekuwa haja ya mtu mwingine angekataa, lakini neno limeshatoka. Nilitaka kusema hapana, sikukusudia. Utamrudishiaje mtu karama yake mbele ya wazee wote? Nikanywa. Kahawa ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 10 Novemba

Bibi akasema mkataa pema pabaya panamwita, kisha akanipikia mkate wa kumimina, ninaoupenda. Ule mkate ndio ulioniuma zaidi.

Hajar kaniandikia kuniuliza kazi ikoje leo. Nikajibu: kimya. Si uongo. Ilikuwa kimya kabisa.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimekwenda Misfat kwa Firas. Si kuomba kazi! Kuangalia kama anahitaji msaada wa mtu mwenye uzoefu.

Sehemu ambazo hazipigwi picha ni hizi: shuka za kufua, ngazi za mawe zisizokwisha, na punda wa mizigo aliyekuwa amegoma. Nikabeba mimi sanduku la mgeni wa Kijerumani, nikalipandisha kwa ushujaa mpaka juu, kwenye nyumba ya watu wengine. Wenyewe wakanikaribisha tende. Mgeni akachelewa kubadili nguo, akaudhika.

Firas alipokuwa anaanika shuka akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama kweli nafasi yangu dukani iko wazi. Nikadhani ananicheka. Nikamwambia ile ndiyo kazi bora mkoa mzima wa Sharqiyah. Nikamwambia wakulima wanakujua kwa jina, mtu anakupigia mashamba yake yanakauka, unamsemesha, jioni maji yanatoka. Nikamwambia mengi. Njia yote ya kurudi nikawa najiuliza yale maneno niliyatoa wapi.

Jumamosi, 12 Novemba

Mzee Maen kaja na ndugu zake wawili. Bibi kafukiza ubani nyumba nzima. Nilikuwa nimemwomba asiseme lolote. Akasema hasemi uongo, ila akiulizwa mbona sipo kazini atajibu leo ni mapumziko, na hiyo ni kweli.

Hakuulizwa. Mzee Maen alikuwa na furaha, ana kisa. Wamesali njiani, na msikitini wamesikia habari ya mwenye duka mmoja wa hapahapa Ibra aliyetoa neno kabla ya kuijua haja, akampoteza mtu wake, na neno hakulirudisha. Muungwana wa kweli! Ndugu zake wakatikisa vichwa kwa kusifu. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho, akauliza ni mpumbavu gani huyo aliyepewa kila kitu duniani akaomba kufukuzwa.

Bibi akanitazama. Akaendelea kumimina kahawa.

Nikasema, "Ni mimi, ami."

Hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali ugomvi. Mzee Maen akairudisha halua sahanini, akasema kwa upole kwamba siku ya ndoa itazungumzwa nitakapokuwa na kazi. Wakaaga vizuri.

Hajar akaandika jioni. Alijua tangu Alhamisi, dada yake Adham, yule wa nyuki, anafundisha naye. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Kazi haimuumi, kaandika. Linalomuuma ni lile neno kimya. Nimelisoma mara nyingi. Naogopa kumkosa kuliko ninavyoogopa kitu chochote, na sikujua mpaka leo.

Jumapili, 13 Novemba

Nimekwenda dukani kurudisha ufunguo. Nani kwenye kiti changu? Firas! Kafunga nyumba ya wageni, jana kaajiriwa, na Bwana Marhoun kesha kumpa neno. Maneno ya mtu huyu yatatumaliza.

Sijafungua mdomo kumtukana, pikapu zikasimama nje. Mzee Musa na wakulima wa Samad. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia na kunipita. Akamwambia Bwana Marhoun kwamba kapiga simu, kajibiwa na mtu aliyemwuliza namba ya pampu, kisha kamwekea muziki. Muziki! Na mbuzi siku zake zimetimia! Akasema huyu Ishak si wa duka, ni mtu wao, na mtu hatoi cha wenziwe.

Bwana Marhoun akalalamika kwa Kiarabu kwamba neno ni neno. Mzee Musa akamjibu kwamba aliombwa kuniachia na kaniachia, wala hakuna aliyemwomba asinishike tena. Kisha Bwana Marhoun akacheka kwa Kiswahili, na akicheka kwa Kiswahili basi yamekwisha.

Nimeajiriwa upya. Msaidizi wa Firas. Kiti changu hakina mgongo. Nilimpigia Hajar kabla ya kumpigia baba yake, nikamweleza kila kitu, na chooni, na foleni ya mkate, na punda. Nikasikia pumzi zinakatikakatika. Alikuwa anacheka kimyakimya, yuko darasani. Nilitaka kulia, nikapokea simu ya pampu.

Alhamisi, 17 Novemba

Mbuzi wa Mzee Musa kazaa pacha. Firas hajui kuongea na watu, simu zote napewa mimi. Raha tupu.

Mzee Maen kampigia Bibi: karidhika, ndoa ipo. Alhamdulillahi! Ila anataka baada ya Idi. Baada ya Idi! Mie nataka Desemba, na Hajar pia, kanitumia ua. Nimemwambia Bibi nitazungumza na mzee. Bibi kasema nishukuru ninyamaze.

Lakini nimepata njia. Kesho nakwenda Sur. Nitamwambia Mzee Maen, ndugu zake wakiwa wamekaa, kwamba kama anaona uzito, basi tuivunje kabisa hii posa. Atashtuka. Atanisihi. Nitakataa kidogo. Desemba atanipa mwenyewe.

Hotuba nimeshaianza. Inaanza na marehemu babu.