Vyumba Vinane vya Nchiru

Jumatatu, 23 Aprili 2018

Chuo kimefunga. Wapangaji wangu wameenda zao, wameniachia kufuli milangoni. Nilimpigia Karimi wa chumba cha tatu kumkumbusha kodi ya Mei. Akaniuliza, kwa adabu ya kuudhi, kama sijui kwamba huku Nchiru mwanafunzi halipii likizo. Sikujua. Nilipopiga hesabu ya faida nilizidisha kwa miezi kumi na miwili, kama mtu yeyote mwenye kalenda.

Jumanne, 24 Aprili

Nyumbani Kangeta. Mithika, kaka ya mke wangu, yuko juu ya miti ya miraa ya marehemu baba. Nilimkodishia kwa miaka mitano ili nipate pesa za kujenga hosteli ya Nchiru. Akaniuliza kutoka huko juu, "Shemeji, hosteli inalipa?" Nikamwambia inalipa sana. Akasema hata miraa imepanda bei. Namchukia mtu huyu.

Kiende, mke wangu, alisikia. Amenipa hadi mwisho wa likizo nimwonyeshe faida. Nikishindwa, miti ataikomboa mwenyewe, na nisiwe na neno.

Ijumaa, 27 Aprili

Nimepata dawa. Kanisa la jirani lina mkutano wa maombi, wageni watoka mbali. Watahitaji malazi! Nimevunja kufuli, nimetoa magodoro ya wanafunzi na kuyapanga barazani kwa heshima zote.

Jumapili, 29 Aprili

Hakuja hata mgeni mmoja. Mkutano ulikuwa wa mkesha. Sikufikiria kwamba watu wa mkesha hawalali.

Mvua imenyesha usiku kucha. Magodoro yamelowa.

Alhamisi, 3 Mei

Karimi amefuata vitabu vyake. Hakunigombeza. Alipiga picha magodoro, akawatumia wenzake. Kufikia jioni wote wanane walikuwa wamepata vyumba kwa mwenye hosteli wa jirani, yule mwenye tangi kubwa la maji. Wananidai magodoro mapya. Vijana wa siku hizi hawana utu.

Jumamosi, 5 Mei

Kiende amesikia habari za magodoro, hakungoja likizo iishe. Ameuza ng'ombe wake, amemrudishia Mithika pesa za miaka iliyobaki. Miti sasa iko mikononi mwa mke wangu. Mithika anamchumia kwa kibarua, na anapiga mluzi. Miti ya baba yangu! Nimezaliwa nikiiona, na leo nimeomba ruhusa kukata kishada cha kutafuna. Iliniuma. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia.

Kiende hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba Mwendwa, enda ukalinde nyumba zako."

Jumatatu, 7 Mei

Nchiru. Nimelala chumba cha tatu, juu ya godoro la Karimi. Bado lina unyevu.

Nimepiga hesabu upya. Wiki iliyopita vyumba vyenye mtu: sifuri. Wiki hii: kimoja. Kwa mwendo huu, kufikia mwisho wa Juni vyote vitakuwa vimejaa. Mpangaji mwenyewe ni mtulivu, hana kelele, ingawa kodi hajalipa.

Kesho nitampigia Kiende. Pesa ya miraa isikae bure. Tujenge ghorofa.